Bao la Kwanza Nililoliona



Wengi wenu mnanijua kwa jina la Boilo. Jina hilo sikupewa na wazazi. Nilipewa nikiwa Kidato cha Kwanza na mvulana mmoja (anajijua) aliyeniona katika uwanja wa Bukhungu nikiwa na beseni la mayai kichwani. Jumatatu asubuhi, kabla hata mwalimu hajaingia, alipaza sauti, "Wee msichana, boilo ngapi?" Darasa zima likaangua kicheko. Siku hiyo nilijificha chooni nikalia mpaka kengele ya mapumziko ikalia. Siku hizi nikiitwa Boilo naitika bila kinyongo, kwa sababu Boilo ndiye anayenilipia chakula cha mchana hapa shuleni. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Leo nataka niwaeleze kazi yenyewe ilivyo, na pia yale yaliyonipata siku moja nilipoacha kuuza nikatazama mpira.

Biashara hii ni ya Mama. Zamani alikuwa akiuza mboga katika soko la Masingo. Mwezi wa Desemba mwaka wa 2017 mashindano ya CECAFA yaliletwa Kenya, na baadhi ya mechi zikachezwa hapa kwetu Bukhungu. Siku Kenya ilipocheza na Rwanda, Mama alisikia kwamba watu watakuwa wengi kama siafu, akachemsha trei moja ya mayai ili ajaribu bahati yake. Mayai yaliisha hata kabla ya mapumziko. Kenya ikashinda 2-0, na mwishowe ikalichukua kombe kule Machakos kwa mikwaju ya penalti dhidi ya Zanzibar. Mama hakuona hata bao moja, lakini alirudi nyumbani na pesa za unga wa wiki nzima. Tangu siku hiyo, akisikia tu kwamba kuna mpira Bukhungu, yeye huwasha jiko.

Mimi nilianza kumsaidia mwaka wa 2022, nikiwa na umri wa miaka 12. Goti la Mama lilikuwa limeanza kumsumbua na ngazi za uwanja zikawa mlima kwake. Huo ulikuwa mwaka wa uchungu hapa mjini. Kakamega Homeboyz walimaliza ligi wakiwa na pointi sawa na Tusker, lakini Tusker wakachukua ubingwa kwa tofauti ya mabao. Hapo ndipo nilipojifunza somo langu la kwanza la biashara: mtu mwenye huzuni hali yai. Wateja waliokuwa wakinunua mawili mawili walinipita kama hawanijui.

Mpenzi msomaji, usidhani kuchemsha yai ni mchezo. Siku ya mechi narauka saa kumi na moja alfajiri. Mpira huanza saa tisa alasiri, lakini mayai hayangoji. Kwanza nayaosha moja moja, maana mteja akiona uchafu wa kuku kwenye ganda atakimbia, tena atawaambia na wenzake. Kisha nayatia katika sufuria yenye maji baridi na chumvi. Ukiyatumbukiza katika maji yanayotokota yatapasuka, na yai lililopasuka ni hasara. Yakianza kuchemka nangoja dakika 12, nayatoa, nayamwagia maji baridi ili ganda litoke bila kung'ang'ania. Kachumbari naikata mwisho kabisa, saa sita hivi. Ukiikata asubuhi inatoa maji na kuchachuka, na watu wa Kakamega wanaijua nyanya iliyochachuka hata wakiwa wamefumba macho. Baada ya hapo nafunga chumvi katika karatasi, nachukua kisu na kijiko, nafunika beseni kwa leso ya Mama, na safari inaanza.

Uwanjani kuna misimu mitatu ya mavuno. Wa kwanza ni kabla ya mpira kuanza. Wa pili ni zile dakika 15 za mapumziko, ambapo mikono yangu miwili haitoshi. Wa tatu ni baada ya firimbi ya mwisho, watu wakitoka na njaa. Lakini mpira ukiwa unachezwa, mchuuzi ni adui wa kila mtu. Ukisimama mbele ya shabiki hata kwa nukta moja utasikia, "Wee toka mbele! Kwani wewe ni kioo?" Kwa hiyo mchuuzi hutembea ameinama, uso wake kwa mashabiki, mgongo wake kwa mpira.

Msinicheke nikisema kwamba kwa miaka minne nilifuata mpira wa miguu bila kuuona. Niliusoma katika nyuso za wateja kama mnavyosoma kitabu. Mkono uliokuwa ukipokea yai ukisimama hewani, najua watu wetu wamefika karibu na lango. Wote wakishika vichwa kwa pamoja, mpira umegonga mwamba. Wakinyamaza ghafla kama watu walio matangani, tumefungwa. Mambo yakiwa bila bila, mwenye njugu karanga ndiye anayefurahi, kwa sababu watu wenye wasiwasi hutafuna. Timu yetu ikiongoza, mimi ndiye ninayefurahi, kwa sababu mtu mwenye furaha hununua mayai mawili na kusema, "Siste, chenji kaa nayo." Aghalabu maneno hayo husemwa mara moja tu katika mechi nzima, lakini nayangoja kila wiki.

Sasa niwaeleze kuhusu Kuka. Nyumbani tunaishi watatu: Mama, mimi na Kuka, yaani babu yangu mzaa mama. Kuka ni shabiki wa AFC Leopards, timu iliyoanzishwa mwaka wa 1964 na ambayo sisi twaiita Ingwe, maana yake chui. Ukimwamsha usiku wa manane umwulize ni miaka gani Ingwe walichukua kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati, atakutajia bila kupepesa jicho: 1979, 1982, 1983, 1984 na 1997. Mwaka wa 1998 wakachukua ubingwa wa ligi ya Kenya. Wakati huo Mama alikuwa msichana wa shule na mimi sijazaliwa. Miaka yote niliyosoma shule ya msingi, msimu ukianza Kuka alisema, "Mwaka huu ni wetu," na msimu ukiisha alisema, "Basi, mwaka ujao." Hakuchoka. Mapenzi hayo amenirithisha mimi, maana mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Macho ya Kuka sasa yana ukungu. Anaona mwanga na vivuli tu. Hilo halimsumbui sana kwa upande wa mpira, kwani anasema kizazi chao kiliutazama mpira kwa masikio. Hupenda kumwigiza marehemu Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyetuaga mwezi wa Februari 2025, akitangaza, "Kadenge na mpira!" Joe Kadenge mwenyewe alifariki mwaka wa 2019, lakini nyumbani kwetu angali anawapiga watu chenga kila jioni.

Hata hivyo, si kila mechi ya Bukhungu hutangazwa redioni. Ikiwa haikutangazwa, redio ya Kuka ni mimi. Nikirudi, kabla hata sijatua beseni, huniuliza swali lile lile: "Bao liliingiaje?" Nami nilikuwa nikimjibu jibu lile lile: "Sikuliona, Kuka. Nilikuwa nahesabu chenji." Kisha namweleza nilichokiona: mzee aliyemeza kiini kizima kwa mshtuko, au kijana aliyenikumbatia huku kachumbari ikimwagika mgongoni mwangu. Kuka hucheka mpaka akakohoa, halafu husema, "Hilo nalo ni bao."

Hapo ndipo penye kinaya cha kazi yangu. Ingwe hawaji Bukhungu kila wiki. Lakini wakija, uwanja hujaa pomoni. Ngoma za isikuti husikika toka asubuhi, zile zile za Waisukha na Waidakho ambazo mwaka wa 2014 UNESCO iliziweka katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Siku hiyo ndiyo ninayotamani zaidi kutazama mpira. Siku hiyo hiyo ndiyo mayai huuzika zaidi. Mtaka yote hukosa yote, na mimi nilikuja kulijua hilo kwa macho yangu.

Ilikuwa Jumapili moja katika muhula uliopita. Ingwe walikuwa wanakuja. Mama alichukua trei 3 kwa mkopo dukani, kila trei shilingi 420, ili alipe Jumatatu asubuhi. Deni likawa shilingi 1,260. Nyanya, vitunguu, dhania, pilipili na makaa vikatuchukulia shilingi 180. Bei ya yai moja na kachumbari yake ni shilingi 25. Nyinyi ni hodari wa hesabu, fanyeni wenyewe: mayai 90 yakiisha yote ni shilingi 2,250, na faida ni shilingi 810. Mama alikwisha kuzigawa shilingi hizo kabla hazijaingia mfukoni. Shilingi 500 zilikuwa za chakula cha mchana nilizokuwa nikidaiwa hapa shuleni, na zilizobaki zilikuwa za dawa ya goti lake. Aliponitwika beseni aliniambia, "Mwana wanje, leo usirudi na hata moja."

Biashara ilikwenda vizuri kama maji mteremkoni. Kufikia mwisho wa mapumziko nilikuwa nimeuza mayai 52. Yalibaki 38, na hayo niliyawekea firimbi ya mwisho. Kipindi cha pili kikaanza. Mambo yalikuwa bado bila bila. Mawingu meusi yakajikusanya, kama ilivyo kawaida ya Kakamega jioni, na ngoma zikazidi kupigwa. Dakika ya 80 ilipopita, watu wote walisimama. Hakuna aliyetaka yai. Hakuna aliyenifukuza mbele yake, maana hata waliokaa nyuma walikuwa wamesimama juu ya viti.

Nikasema moyoni, "Dakika mbili tu." Nikalitua beseni kwenye ngazi kando ya mguu wangu, nikageuka.

Jamani, nyasi zilikuwa za kijani kuliko nilivyodhani. Wachezaji nao walikuwa wakubwa, tena walikuwa wakizungumza! Nilikuwa sijui kwamba wachezaji huzungumza wakicheza, huitana na kugombezana kama sisi tukicheza kati. Nikasahau mayai. Nikasahau hata jina langu. Na papo hapo, mbele ya macho yangu mwenyewe, bao likaingia. Bao lenyewe nitawaeleza mahali pake.

Uwanja ulilipuka. Watu waliteremka ngazi kama mto Isiukhu uliofurika. Nami nilikuwa nikirukaruka pamoja nao, nimemkumbatia mama mmoja nisiyemjua, tunapiga mayowe. Kisha nikasikia kra, kra, kra. Mwanzoni sikuelewa. Nilipotazama chini niliona kiatu cha mtu kimejaa kiini. Beseni lilikuwa limepinduka. Mayai, kachumbari na matope vilikuwa vimechanganyika mpaka huwezi kutambua kipi ni kipi. Nilijitupa chini nikaanza kuokota huku mikono yangu ikikanyagwa. Nilipata mayai 7 mazima. Yale 31 yalikwisha. Beseni lenyewe lilikuwa na ufa kutoka ukingo hadi ukingo.

Hakuna aliyenifanyia vibaya. Ni nani ambaye hangeruka? Hata mimi niliruka. Firimbi ilipolia watu walitoka na njaa zao, wakauliza, "Boilo ziko?" Nami nilikuwa nimesimama na beseni bovu kama mtu aliyefiwa. Nilihesabu pesa mara tatu: shilingi 1,300. Baada ya deni na nyanya, tulikuwa tumepata hasara ya shilingi 140.

Mvua ikaninyeshea njiani mpaka Amalemba. Katika mvua ile nilitunga uongo. Mnajua uongo unavyotungwa: unaanza mdogo kama punje ya mtama, na kila hatua unaongeza kidogo, mpaka unafika nyumbani ukiwa na miguu na mikono.

"Mama," nilisema nikitetemeka, "mlevi alinisukuma kwenye ngazi."

Mama alilitazama beseni. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda akashika goti lake. Kisha akauliza, "Si ni yule jirani yetu fundi wa baiskeli? Nilimwona mchana akielekea huko, na alikuwa amekwisha kunywa."

Wenzangu, hapo ndipo ningeweza kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi. Lakini nilinyamaza, na kunyamaza kule kukawa jibu.

"Basi kesho asubuhi atanilipa," Mama akasema, "hata kama ni kwa kuuza spana zake."

Tulikula ugali na mrenda bila mazungumzo. Fundi yule si mtu mbaya. Hunywa, ni kweli, lakini ndiye aliyenitengenezea mnyororo wa baiskeli bure siku ya mtihani wangu wa darasa la nane. Kila tonge nililomeza lilikwama kooni. Nilikuwa nikijiambia kwamba nitasema ukweli kesho, kabla Mama hajatoka.

Baada ya chakula, Mama alianza kusugua sufuria. Kuka akajisogeza kwenye kiti chake, akanigeuzia uso ule wenye macho ya ukungu. Alikuwa amesikia mayowe ya uwanja kutoka nyumbani, akajua kwamba Ingwe wamefunga.

"Nieleze, mjukuu wangu. Bao liliingiaje?"

Sijui ni shetani gani au ni malaika gani aliyenifungua mdomo. Nilikuwa nimelibeba bao lile kifuani tangu jioni, na halikuwa na pa kwenda.

"Kuka," nilisema, "ulianza kwa beki wa kushoto. Alimpa winga, na winga hakukimbia mara moja. Alisimama, akaukanyaga mpira, akamngoja yule aliyekuwa akimkaba amsogelee. Alipomsogelea akampita upande wa nje, akaenda mpaka karibu na kibendera cha kona. Sote tulidhani ataupiga juu. Kumbe aliurudisha nyuma, chini chini, katikati ya miguu ya watu. Mtu wetu alikuwa peke yake pale, amesahauliwa. Hakuutuliza. Aliupiga kwa mguu wa kushoto, kipa akiwa amekwisha kuangukia upande mwingine, na nyavu zikacheza kama nguo zilizoanikwa kwenye upepo."

Kuka alikuwa ametabasamu, mdomo wazi. Kisha tabasamu lile likapungua polepole. Nikatambua kwamba sauti ya kusugua sufuria ilikuwa imekoma.

"Umelieleza vizuri," Kuka akasema. "Miaka minne nakuuliza, na leo ndiyo mara ya kwanza umeliona bao mpaka kwenye nyavu. Sasa niambie, yule mlevi alikusukuma dakika ya ngapi?"

Moyo ulinidunda kama ngoma ya isikuti. Nilifungua mdomo, maneno yakakataa kutoka. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika mwisho. Nikapiga magoti pale pale kwenye sakafu nikasema kila kitu: dakika mbili zangu, beseni kwenye ngazi, mama niliyemkumbatia, na fundi wa baiskeli ambaye sikumwona kabisa uwanjani siku ile.

Nilitarajia kiboko. Mama alikausha mikono yake kwa kanga, akaja akaketi karibu nami.

"Kwani ni nani aliyekukataza kutazama?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Kwa kweli hakuna aliyewahi kunikataza.

"Mimi nimeuza pale tangu 2017," akaendelea. "Kenya walipowafunga Rwanda nilikuwa nahesabu chenji. Hata mimi nina macho. Hata mimi nimetamani. Lakini nimejifunza kwamba dakika kumi za mwisho hakuna mtu anayenunua yai. Ungekaa chini, beseni uliweke mapajani, ulifunike leso, utazame mpira wako. Mayai ni mayai, tutanunua mengine. Lakini kesho asubuhi ningekwenda kumtukana baba wa watu mbele ya watoto wake, kwa jambo asilolijua. Hilo ningelinunua wapi?"

Hakuongeza neno, wala Kuka hakuongeza. Usiku ule sikulala. Kama Mama angenichapa ningelala.

Asubuhi alinipa moja kati ya yale mayai 7, akaniambia nimpelekee fundi kabla ya kwenda shule, na nimweleze mwenyewe. Nilimkuta akitia pumzi gurudumu. Nilisema yote huku nikitazama vidole vyangu vya miguu. Fundi aliniangalia, akaliangalia yai, halafu akacheka mpaka pampu ikamponyoka.

"Kumbe jana usiku nilikuwa na deni na sijui!" akasema. "Mimi nililala chini ya mti kule sokoni, hata mpira sikuufikia. Haya, chumvi umeleta?"

Sikuwa nimeleta. Alilikula hivyo hivyo.

Deni la mayai Mama alililipa kwa zile shilingi 1,300. Hasara na bei ya beseni jipya vilikuwa juu yangu. Kwa Jumamosi tatu mfululizo niliuza njugu karanga, za shilingi kumi kumi, katika mechi za shule na za vijana wa mtaa. Pesa za chakula cha mchana zilichelewa wiki mbili. Katika wiki hizo, mwenzangu wa dawati aligawana nami sahani yake ya githeri kila siku, na hata siku moja hakuniuliza kwa nini. Sitamtaja jina kwa sababu atakasirika, lakini asome hapa kwamba sijasahau. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Tangu hapo nimekuwa mchuuzi wa namna nyingine. Ninauza kwa bidii kuliko zamani, kwa sababu nina zawadi inayoningoja. Dakika ya 80 ikifika naketi, beseni mapajani, leso juu yake, mikono miwili imelishika, nami natazama. Nimeona mabao mawili zaidi. Moja tulifungwa sisi, nalo nilimweleza Kuka vile vile bila kuficha kitu, hata jinsi beki wetu alivyoteleza. Kuka alihuzunika kidogo, kisha akasema, "Basi, mwaka ujao."

Kabla sijamaliza, nina maombi matatu kwenu. Kwanza, ukimwona mwanafunzi mwenzako akiuza kitu uwanjani, sokoni au stendi, usimfiche macho wala usimcheke. Mwamkue kama unavyomwamkua hapa shuleni. Pili, ukinunua, lipa kabla mpira haujaanza, maana bao likiingia wengi husahau kwamba wamekula. Tatu, ukikosea, useme siku hiyo hiyo. Ukweli niliouogopa ulinigharimu beseni moja na Jumamosi tatu. Uongo wangu ungemgharimu jirani yetu jina lake, na jina haliuzwi kwa trei.

Kalamu naiweka chini. Jumapili ya mechi njooni Bukhungu. Boilo ni shilingi 25, kachumbari ni bure, lakini baada ya dakika ya 80 tafadhali msiniite.

Mwanachama, Kidato cha 3